Aliyekwenda Kuchukua Chumvi

Maji ya tangi yalikuwa yamepanda.

Shamila alisimama mbele ya kioo na kikombe cha plastiki mkononi, akatazama mstari mweusi aliouchora mumewe ubavuni mwa tangi kwa kalamu ya wino mzito, akatazama maji, akarudia mstari. Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa hiyo. Tabora mwezi wa kumi jua halina adabu. Maji ya tangi yanapaa, asubuhi unayakuta yameshuka vidole viwili chini ya mstari, unaongeza maji yaliyochujwa mpaka yarudi palepale. Maji matupu, siyo ya chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Hayo alifundishwa na mumewe, na kwa miezi minne hajawahi hata siku moja kuyakuta mstarini, sembuse juu yake.

Leo yalikuwa juu yake. Vidole viwili.

"Baba Kulwa, umeongeza maji humu?"

"Saa ngapi? Si ndiyo kwanza naamka," Majidi alijibu kutoka chumbani, anatafuta soksi ya pili.

"Yamepanda."

"Maji hayapandi, mama. Mtoto amechezea kikombe hapo."

Shamila akageuka. Kulwa, binti yao wa miaka minne, alikuwa bado amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, na vinywele vya kwenye paji la uso vimelowa kama aliyetoka kuoga.

Nyumba yao iko Chemchem, vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa bahari. Majidi ni fundi wa friji, mikono haitulii. Alikwenda Dar kufuata mota, akarudi kwa treni na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, kimashine cha betri kinapuliza hewa ndani, akaipakata njia nzima bila kulala. Ndani mlikuwa na konokono sita wa baharini, wale ambao magamba yao ndiyo kauri. Tangi alilitengeneza kwa vioo vya kabati la duka lililofungwa. Friji bovu akaligeuza liwe la kupoozea maji, maana konokono hao wakipata joto la Tabora wanaiva wakiwa hai. Chumvi maalumu ya pakiti ilipomwishia akachanganya na chumvi ya Uvinza, ile ya mawe mawe ya gunia. "Chumvi ni chumvi," alisema. Mtaalamu aliyekuwa akimshauri kwa simu akamwambia jiandae kuwazika. Hawakufa. Walinenepa.

"Watu wa Tabora tunafuga kuku, tunafuga nyuki," jirani yao Zuwena alicheka juu ya ukuta, "wewe mumeo anafuga kombe! Na wakizaa je, kitovu mtazika wapi?"

Na walizaa kweli. Konokono mkubwa kuliko wote, ambaye Majidi alimwita Bi Mkubwa, alitaga kishada cha mayai ya rangi ya maziwa pembeni ya jiwe, akakikalia. Hali, haondoki, kama kuku. Majidi akawa haongei kingine. Alisema mayai yakianguliwa vitoto vinaelea kama vumbi na pampu inavimeza, hakuna anayefanikiwa kuvikuza nyumbani, ila yeye ataifunga pampu kwa soksi ya nailoni na atakuwa wa kwanza. Ndiyo maana soksi zilikuwa hazionekani.

Shamila hakuwachukia konokono, mwanzoni. Alichokuwa hakipendi ni jambo moja. Jua likianza kuzama walitoka mafichoni, na nyama yao ilipanda juu ya gamba kutoka pande mbili, taratibu, kama midomo inayofumba, mpaka gamba likamezwa lote. Na walipopanda kiooni ulikiona kile kimwanya cha chini chenye meno huku na huku. Mdomo ndani ya mdomo.

Sasa huyo Kulwa hakuzaliwa peke yake. Waliomsikia akiitwa Kulwa walijua hilo bila kuambiwa: Kulwa ni pacha aliyetangulia, na anayefuata ni Doto. Doto alifuata kwa dakika kumi na mbili, binti kama mwenzake, akaishi siku tisa.

Bibi yake Shamila, Bibi Kabula wa Itetemia, ndiye aliyefika siku ile na kuwanyamazisha watu. Kwa ukoo wao pacha akiondoka haliliwi, wala hasemwi kuwa amekufa. Inasemwa, amekwenda kuchukua chumvi. Babu zao walikuwa wapagazi, walibeba chumvi kutoka Uvinza kwa miguu, na asiyerudi na wenzake nyumbani hapakutangazwa msiba, iliambiwa bado yuko njiani. Bibi alikuwa amewafunga watoto simbi, kauri ndogo iliyotobolewa mgongoni, siku ile ile ya kuzaliwa. Kulwa mkono wa kushoto, Doto wa kulia. Doto akazikwa na yake. Ya Kulwa, Bibi aliibadilisha uzi kila mwaka kadiri mkono ulivyonenepa, na kila mwaka alirudia maneno yale yale:

"Ikifika siku ya kuivua, niletee mimi mkononi. Isitupwe. Na isiguse chumvi."

Shamila hakulia, basi. Ziwa moja lilikuwa linavuja kwa mtoto ambaye hayupo, na yeye anatabasamu kwa wageni, anasema Doto amekwenda kuchukua chumvi. Akasema hivyo miaka minne. Na Kulwa alipoanza kuuliza, akamwambia hivyohivyo.

Mwezi huo Kulwa alianza chuo cha Kurani. Ustadhi hakugomba, alimshika mtoto mkono tu akasema, "Mama, hiki hapa kivuliwe." Shamila akakata uzi kwa wembe. Palibaki pete nyeupe kwenye ngozi ya mtoto, mahali jua halijawahi kufika. Ilikuwa Jumanne. Akajisemea atampelekea Bibi Ijumaa, akijua Bibi atafoka, na hofu ya kufokewa ikamfanya aone Ijumaa ni mbali vizuri. Akatafuta pa kuiweka. Kabatini itapotea, dirishani Majidi ataiona aanze hotuba ya ushirikina. Akatazama tangi, akawaona wale sita na magamba yao.

Kauri ni kauri. Akaidumbukiza. Ikashuka ikipepesuka, ikatulia karibu na Bi Mkubwa.

Siku ya tatu ndiyo maji yalipanda.

*

Ijumaa hakwenda Itetemia. Majidi alikuwa na kazi kwenye bucha, nguo zilikuwa hazijafuliwa, na simbi nayo alipoitafuta kwa macho hakuiona. Aliwahesabu konokono kwa kidole kwenye kioo. Watatu kwenye jiwe, mmoja kwenye mchanga, mmoja kwenye bomba, Bi Mkubwa kwenye mayai. Na mmoja anapanda kioo.

Akahesabu tena. Saba.

Wa saba alikuwa mdogo, wa rangi ya jino la mzee. Alikuwa anapanda polepole, na nyama yake haikupanda kutoka pembeni kama ya wenzake. Ilikuwa inatokea katikati ya mgongo, kwenye tundu, tundu la uzi alilolitoboa Bibi Kabula kwa msumari, inamwagika kutoka humo nyeusi na laini, inatambaa juu ya gamba, halafu ikaacha kutambaa, na Shamila akahisi kabisa, kama mtu anavyohisi akitazamwa sokoni, kwamba lile tundu limemwona.

"Ni kaa," Majidi alisema jioni, amepiga magoti mbele ya tangi na tochi ya simu. "Kuna vikaa vinaingia kwenye magamba matupu. Alijificha kwenye jiwe toka Dar. Hii kauri imetoka wapi lakini?"

"Sijui," akasema Shamila. Uongo huo ulimtoka haraka kuliko pumzi.

Watu husema majini huja usiku. Hili lilikuwa la mchana. Lilipenda ile saa baada ya adhuhuri, mtaa umenyamaza, mabati yanalia kwa joto, hata bodaboda zimejificha kivulini. Jumamosi saa hiyo umeme ulikatika. Pampu ikanyamaza, friji la kupoozea likanyamaza, na Shamila aliyekuwa anapepeta mchele uani akasubiri kimya kiingie nyumbani, kwa sababu kimya huingia umeme ukikatika, lakini hakikuingia. Maji yaliendelea. Siyo ya kububujika kama ya pampu. Yalikuwa yanavuta na kurudi, yanavuta na kurudi, kama kifua cha mtu mkubwa aliyelala. Kisha kioo kikaanza kukwaruzwa. Kisha akamsikia Kulwa akicheka, na ndani ya kicheko hicho, nyuma yake kidogo, kama mwangwi uliochelewa, kicheko kingine.

Akaingia na ungo mkononi. Harufu ilimpiga mlangoni: mwani, samaki, mbao zilizooza kwa chumvi, harufu ya pwani katika mji ambao pwani iko safari ya siku nzima na zaidi. Kulwa alikuwa amesimama juu ya kigoda, viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Unaongea na nani, mama?"

"Doto."

"Doto gani?"

"Si Doto! Amerudi. Amechukua chumvi nyiiingi." Mtoto akageuka, na midomo yake ilikuwa imepasuka, na pembeni palikuwa peupe. "Anasema sasa zamu yangu."

Shamila akambeba mwanawe akatoka naye mbio mpaka kwa Zuwena, akasema mtoto ana homa, na zahanati wakampima malaria, haipo, wakapima hiki na kile, hakipo, wakasema anyweshwe maji mengi. Lakini maji ndiyo Kulwa aliyoyakataa. Aliyatema. Alitaka chumvi. Jumapili alikutwa jikoni ameshika kopo la chumvi anakula kwa kidole kama sukari, na jasho lake likikauka liliacha unga mweupe shingoni, na mama yake alipombusu shavu alionja, na alichoonja kilimfanya avue kitenge amfunike mtoto kichwa hadi miguu kana kwamba kuna mtu anataka kumpima urefu wa sanda.

*

Jumatatu asubuhi alipanda bajaji kwenda Itetemia. Bibi Kabula alikuwa ukumbini anabangua karanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mayu. Mbona umekuja bila mtoto?" Kisha akautazama uso wa mjukuu wake, akaacha karanga. "Umeivua."

Shamila akasimulia, maneno yanagongana, ustadhi, wembe, Ijumaa, tangi, na alipofika kwenye tangi Bibi akauliza swali moja tu.

"Ni chumvi ya wapi?"

"Ya pakiti... na ya Uvinza. Aliichanganya, bibi, ilimwishia."

Bibi Kabula alikung'uta maganda ya karanga mapajani. Alipoongea aliongea chinichini, kama karanga zinasikia.

"Sikiliza. Mtoto wa siku tisa hajui kusema zamu yangu. Huyo siye Doto. Njia ya chumvi ina mwenyewe. Wapagazi walikuwa wakianguka njiani, na kitu kilikuwa kikitembea nyuma ya msafara, kinawavua simbi zao na majina yao. Babu yangu alikiita Mfuataji. Hakina sura. Kikipata jina, kinalivaa, kama mtu anavyovaa koti la marehemu. Ndiyo maana hatusemi amekufa, maana aliyekufa jina lake liko wazi. Ukisema yuko njiani, jina lake lina mtu. Lakini wewe umekipa simbi ya pacha wake, nusu ya pili ya jina hilo, ukailoweka kwenye chumvi yake. Umekifungulia mlango, halafu unakaa unakiongezea maji asubuhi."

"Nimekosa, bibi."

"Umekosa, ndiyo. Kulia utalia baadaye. Twende."

Majidi alikuwa nyumbani, amemshika mtoto. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa heshima hiyohiyo kwamba hilo tangi halimwagwi.

"Siku tatu tu, bibi. Mayai yanaanguliwa. Mtoto ana upungufu wa maji, dawa ipo, na huyo mdudu ni kaa. Nitamtoa kaa."

"Mtoe sasa," Bibi akasema.

Majidi akakunja mkono wa shati akaingiza mkono kwenye tangi. Kulwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbali na tangi, amekunja miguu, halafu akainua mkono wa kushoto akajikuna sikio. Kioo kilimwonyesha. Kioo kilimwonyesha amekaa hivyohivyo, miguu hivyohivyo, na hakuinua mkono. Alikaa tu, yule wa kwenye kioo, anamtazama baba yake kwa macho ya mtu aliyechoka kusubiri, na ndipo akacheka. Majidi alichomoa mkono wake akarudi nyuma mpaka ukutani. Mkono ulikuwa umekauka hapohapo, mweupe wote mpaka kiwiko, na ile chumvi ilikuwa inadondoka sakafuni kwa mlio wa mchanga.

"Mwageni," akasema. "Mwageni, mwageni."

"Humwagi kabla hujamtoa mtu," Bibi akajibu.

Alifunga mapazia. Akafungua furushi lake akatoa kaniki, kitambaa cheusi kipana, akalifunika tangi lote. Akachora mstari wa unga wa mtama kutoka tangini mpaka mlango wa mbele. Kisha akamshika Kulwa mkono, akamwingiza chini ya kaniki, uso kwa uso na kioo.

"Baba, wewe kaa nje, utapokea ndoo. Shamila, simama mlangoni, utupe mgongo. Mimi nitaongea nacho. Nikinyamaza, wewe utaita. Mwite mtoto wako kwa jina lake, mara moja. Jina lake, umenisikia? Atakayeitika atakuja kwa mstari huu. Ukimshika, toka naye, usigeuke."

"Na nikikosea?"

"Unakoseaje jina la mtoto uliyemzaa?"

Shamila akasimama mlangoni na mgongo kwa giza. Mbele yake jua la utosi lilikuwa linaunguza uwanja, kuku wa Zuwena amejitandaza kivulini, dunia yote iko palepale, na nyuma yake Bibi alianza kuongea Kinyamwezi, sauti ndogo, sauti ya mtu anayemwambia mgeni mkorofi kwamba njia iko pale. Maji yakaanza kuvuta na kurudi. Harufu ikampanda puani. Bibi akapandisha sauti, maji nayo yakapanda, akaisikia miguu yake mwenyewe inalowa, maji yalikuwa yanatoka sebuleni yanapita katikati ya vidole vyake kwenda nje, ya baridi, ya baridi ya mahali ambapo jua halijawahi kufika, na juu ya maji kulikuwa na vishindo, vya watu wengi wanaotembea kwa foleni na mizigo kichwani, na kengele, na mtu anakohoa, na katikati ya yote hayo mtoto akaanza kulia, "Mama! Mama nashikwa! Mama!" na mtoto mwingine, sauti ileile, kilio kilekile, "Mama! Mimi hapa, mama, mimi!" na vilio vikapanda kimoja juu ya kingine kama watu wawili wanaogombea kamba ya kisimani, na Bibi akanyamaza.

Bibi akanyamaza, na Shamila akafungua mdomo, na miaka minne ya kutolia ikamfikia kooni kwa wakati mmoja na lile jina, ikalipita jina.

"Mwanangu!" alipiga kelele. "Mwanangu, njoo!"

Mkono mdogo wa baridi ukamshika vidole.

Hakugeuka. Alimnyakua mtoto akatoka naye juani, akakimbia mpaka kwa Zuwena, na nyuma yake akasikia kioo kinapasuka.

*

Kila mtu alisema limekwisha. Maji waliyakusanya kwa ndoo na matambara, Majidi akayabeba kwa toroli mpaka njia ya zamani ya kwenda Ujiji, nje ya mji, akayamwaga upande wa magharibi kama alivyoelekezwa. Simbi Bibi aliipata chini ya vioo, tupu, tundu lake tundu tu, akaisaga juu ya jiwe. Konokono, Majidi alisema, walikufa wote. Mtoto alikunywa maji vikombe vitatu mfululizo, akala ugali, akalala, na jasho lake lilikuwa jasho.

"Umemwita jina?" Bibi aliuliza akifunga furushi lake. Masikio yake yalikuwa yanavuma, hakusikia kitu toka maji yalipopanda.

Shamila alimtazama mtoto aliyelala. "Nimemwita," akasema.

Siku ya tano alikuwa anamwogesha uani. Mtoto alikuwa mzuri siku hizo, mtulivu, hamwagi chakula. Kitu kimoja tu: ukimwita Kulwa anachelewa kidogo kugeuka, kama mtu anayesubiri aone kama kuna mwingine atakayeitika. Shamila alimsugua mgongo, akamsugua bega, akaushika mkono wa kushoto akausugua taratibu mpaka chini. Akausugua tena. Ulikuwa wa rangi moja.

Akaushika wa kulia. Pete nyeupe ilikuwa hapo, nyembamba, safi, mahali jua halijawahi kufika.

"Unaniumiza, mama," mtoto akasema, na alikuwa anatabasamu.

Shamila akamwosha. Akamkausha. Akampaka mafuta, mikono yote miwili. Majidi aliporudi alimwambia, na Majidi akachoka hapohapo. "Mama Kulwa, nakuomba. Umesahau tu ni mkono upi. Mtoto amepona. Tuache." Hata Bibi hakwenda kumwambia, kwa sababu angeulizwa aliita nini.

Lakini akili ilifanya kazi. Alikaa nayo usiku na mchana, ikazunguka ikarudi palepale: kama aliyekwenda kuchukua chumvi anaweza kurudi, basi mwingine naye anaweza. Akaingia karakana ya mumewe, nyuma ya mafriji, mahali alipokuwa amesikia siku hizo zote kimlio cha kimashine cha betri, na hakukosea. Majidi alikuwa ameficha ndoo, ameizungushia barafu. Bi Mkubwa alikuwemo ndani, hai, amekalia mayai yake ambayo siku zake zilipita bila kuanguliwa. Wake kwa waume, kila mtu nyumba hiyo alikuwa na kitu ambacho hakuwa tayari kukiachia.

Akaibeba ndoo akaiweka chini ya dirisha la jikoni. Akaongeza chumvi ya Uvinza, kiganja kimoja. Akachukua ile kalamu ya wino mzito akachora mstari mahali maji yalipofika. Na Zuwena alipouliza juu ya ukuta mbona siku hizi Kulwa hachezi na wenzake, Shamila alimjibu kama alivyofundishwa, hakulia, alitabasamu.

"Kulwa amekwenda kuchukua chumvi."

Zuwena akacheka, akidhani mtoto katumwa dukani.

Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya ndoo. Kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka, upana wa kidole, kama maji yoyote ya Tabora mwezi wa kumi. Hakuyaongeza. Aliyasubiri. Siku ya pili, ya tatu, ya sita, yanashuka. Na nyuma yake, mlangoni, mtoto alisimama akimtazama.

Siku ya tisa maji yalikuwa yamefika mstarini.

Shamila alishika ukingo wa ndoo kwa mikono yote miwili. Alitazama mstari, akatazama maji, akarudia mstari, akainama mpaka pumzi yake ikakunja uso wa maji. "Kulwa," akaita, jina, mara moja, kama inavyotakiwa, kisha akashindwa kujizuia. "Kulwa. Kulwa."

"Nimeongeza mimi," sauti ikasema nyuma yake.

Mtoto alikuwa amesimama na kile kikombe cha plastiki, kinadondosha matone kwenye miguu yake. Alikuja akachuchumaa karibu, akamwegemea begani, mzito, wa baridi, na akamwekea mama yake mkono shingoni, ule wa kulia.

"Nilikuona unasikitika," akasema. "Nitakuongezea kila siku."

Mafuta ya taa yalinuka kwa jirani, mtu alikuwa anawasha jiko. Mtoto alikuwa anasubiri, ameinua uso, na kilichokuwa kinasubiri ndani ya uso huo hakikuwa na haraka, kilikuwa kimetembea nyuma ya watu kwa miaka mingi.

"Ahsante," Shamila akasema. Na lile neno likamtoka tena. "Ahsante, mwanangu."